Rada Juu ya Guta la Ugali

Shangazi yangu alivunjwa mguu na lori lililokuwa likirudi nyuma polepole kuliko mtu anayetembea. Natangulia kulisema hilo kwa sababu watu wa Tunduma wakisikia mtu kagongwa na lori huuliza kwanza lilikuwa mbio kiasi gani, na nikiwajibu kwamba halikuwa mbio hata kidogo, wananitazama kana kwamba shangazi ndiye aliyeligonga.

Yeye na wanawake wenzake wanne walikuwa wakiuza chakula ndani ya yadi ya malori, uwanja wa kokoto na mafuta machafu ambako magari yanayongoja kuvuka kwenda Zambia hulala siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki. Kila lori moja likitoka, kumi yanasogezwa. Dereva haoni kitu nyuma ya tela lake. Anayeona ni utingo, na utingo husema kwa kiganja: akigonga bodi mara moja, endelea, mara mbili, simama. Ni utaratibu safi kabisa ikiwa lori ni moja. Yakirudi matano kwa pamoja, viganja vitano vinagonga bodi tano, na kila dereva anachagua mlio unaompendeza. Siku ile, dereva wa lori lililomkuta shangazi alipendezwa na mlio wa jirani.

Mwenye yadi ni mtu mpole ambaye hupandwa na hasira pale tu askari wa usalama barabarani wanapofika kupima kwa futi ndani ya uwanja wake. Aliwaita wale wanawake wanne, na shangazi akiwa bado hospitali, akawapa miezi miwili waondoke. Kisha akaongeza, kwa kuwa ni mpole, kwamba wangeweza kubaki endapo kingewekwa kifaa cha kuwaonya madereva, kifaa cha kweli, chenye kibali cha serikali.

"Sitaki mambo ya kubahatisha," alisema. "Nataka karatasi."

Alilisema hilo akijua kwamba halitatokea. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimesimama pale.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nafunga vifaa vya kufuatilia malori, natengeneza taa, nafufua dashibodi zilizokufa. Stashahada yangu imetundikwa ukutani juu ya jiko la gesi, kwa hiyo imeshika mafuta, lakini jina langu bado linasomeka. Madereva huniita dada fundi, na mtu akiitwa dada fundi kwa miaka kadhaa huanza kuamini kwamba hakuna tatizo lisilo na waya. Nikasema kwa sauti, bila kuulizwa na mtu yeyote, kwamba kifaa hicho ningekitengeneza mimi.

Hapa inabidi nieleze namna walivyouza chakula, maana ni jambo nililoliona tangu utotoni na kwa hiyo sikuwahi kulitazama. Kila mmoja alipika kitu kimoja. Shangazi alisonga ugali. Wa pili alikuwa na maharage. Wa tatu samaki wa Ziwa Rukwa, waliopitia Ivuna na kufika na chumvi yao mwilini. Wa nne, aliyeolewa kutoka ng'ambo ya Nakonde, alipika majani kwa karanga, mboga ambayo kwao huitwa ifisashi. Wa tano alikuwa wa maji ya kunawa na chai. Dereva hakupewa sahani iliyojaa. Alianza kwa shangazi na sahani tupu, akatiwa ugali, akasogea benchi kwa benchi hadi sahani ikawa chakula.

Walikuwa wote wanakwaya wa kanisa moja, na walipoanza kila mmoja alikuwa na sufuria moja tu. Sufuria ziliongezeka, utaratibu ukabaki. Kupika chakula cha mwenzako kulikuwa kosa kubwa kuliko kumsema mume wake. Mwenye maharage alipofiwa huko Isansa, madereva walikula bila maharage wiki nzima, na hakuna aliyelalamika mara mbili.

Basi nikaagiza rada. Nilikuwa nimesoma kwamba magari ya kisasa huwa nayo ndani ya bampa: kijibodi kidogo kuliko kiganja, kinachotoa mawimbi ya milimita chache, yakagonga kitu, yakarudi, na chipu ikahesabu kitu kiko umbali gani. Ya kwanza ilikuwa ya gigahezi ishirini na nne. Ilikuja na basi kutoka Dar es Salaam ndani ya boksi la viatu, nikaifunga juu ya nguzo ya taa katikati ya yadi, nikaigeuza iangalie benchi zote tano kutoka juu.

Siri ya rada ni kwamba kadiri unavyoiachia itembee juu ya masafa mapana ya mawimbi, ndivyo inavyoweza kutenganisha vitu vilivyokaribiana. Ya kwangu niliiachia itembee hadi mwisho wa uwezo wake. Mungu wangu, ilivyoona! Ilimwona mwenye samaki na sufuria yake kando kando. Ilimwona utingo akijikuna. Lori likirudi upande wa benchi yoyote kati ya zile tano, honi niliyoiunganisha nayo ililia na taa nyekundu ikawaka, dereva akafunga breki. Wale wanawake walinipigia vigelegele. Shangazi, aliyekuwa ametoka hospitali na mguu wa plasta, aliketi kwenye kigoda akanitazama kama mtu aliyenizaa mwenyewe. Kichwa kilinivimba hata kofia ya pikipiki ikanibana.

Nikaipeleka kwenye ofisi ya serikali inayogawa masafa kuchukua karatasi. Nilidhani ni suala la muhuri.

Ofisa aliyenipokea alikuwa mtu wa taratibu, wa aina ile ambayo husoma kwa rula, ikishuka mstari kwa mstari. Akaweka chombo chake cha kupimia mbele ya rada yangu, akatazama kioo muda mrefu, akavua miwani.

"Dada," akasema, "umetembea mbali sana."

Kumbe kwenye masafa yale nilikuwa na haki ya ukanda mwembamba tu. Nje ya hapo kuna majirani. Akanionyesha jedwali lake, na huko pembeni, karibu kabisa na uzio wangu, walikuwepo wenye setilaiti zinazopima mvuke wa angani.

"Hizi hazisemi, zinasikiliza tu," akaeleza. "Wewe ukipiga kelele karibu nazo, zitadhani wewe ni unyevu."

Nilimkumbuka mjomba wangu wa Msangano, ambaye hadi leo hutabiri mvua kwa goti na hajawahi kupata salamu kutoka setilaiti yoyote. Lakini niliirudisha rada ndani ya boksi lake la viatu. Yule bwana alikuwa sahihi, na hakuna kitu kinachoudhi kama ofisa aliye sahihi.

Nilirudi nikamweleza shangazi kwa maneno marefu ya kitaalamu. Alinisikiliza huku akiingiza kijiti ndani ya plasta kujikuna.

"Yaani wanataka kila mtu asigonge bodi ya mwenzake," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Hao wana akili. Wangekuja hapa yadini."

Nikaibana rada ikae ndani ya ukanda wake halali. Sasa ilikuwa raia mwema, na kipofu. Vitu vilivyokaribiana kwa nusu mita hivi haikuweza tena kuvitenganisha, kwa hiyo shangazi, sufuria, kigoda na bampa ya lori vikawa kiumbe kimoja kikubwa chenye tabia mbaya. Mtu akikoroga, honi inalia. Na ugali, kama ujuavyo, hausongwi kwa kukaa tuli. Siku tatu madereva walikula wakipigiwa honi kwa kila tonge. Siku ya nne mwenye samaki alipanda juu ya benchi akaukata waya kwa kisu cha kuparia magamba. Nilisema lawama ni ya fizikia. Nilisema pia ni ya sheria, na ya mtu aliyeniuzia, na ya upepo wa Tunduma. Kisingizio ni kifaa ambacho fundi hakisahau nyumbani.

Mwezi mmoja ulikuwa umekwisha. Shangazi hakuwa na shamba la kurudia wala mtoto wa kumtunza. Alikuwa na ile benchi, na mimi. Alianza kuniuliza kila jioni, kwa sauti ya kujifanya haulizi: "Na ile karatasi?"

Nikanunua rada ya pili, ya gigahezi sabini na saba hadi themanini na moja. Huko juu ukanda ni mpana kama barabara ya kwenda Mbeya inavyoahidiwa kuwa. Nafasi ya vidole viwili tu ingetosha kutenganisha kitu na kitu. Nikaifunga kwenye nguzo ileile, nikaziona benchi zote tano tena, safi kabisa, nikakimbilia kwa yule ofisa nikiwa na matokeo yaliyochapishwa kwa rangi.

Alishusha rula yake. Ikasimama.

"Magari," akasema.

"Magari gani?"

"Masafa haya, kwa upana huu, ni ya rada zilizofungwa kwenye vyombo vya usafiri. Wewe umeandika nguzo."

"Nguzo iko kwenye yadi ya magari."

"Haitembei."

Nikauliza kama ningeifunga kwenye malori. Akasema hapo hakuna shida hata kidogo, karibu sana. Nikawaza malori yanayopita Tunduma, ya Kongo, ya Zambia, ya Zimbabwe, yanayolala siku tatu na kutoonekana tena kwa mwaka, na mimi nikiyakimbilia na bisibisi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: rada ya kuzuia lori lisimkanyage mtu iliruhusiwa kuwa mali ya lori. Mtu mwenyewe hakuwa kwenye jedwali.

Ndipo nikauliza jedwali linasemaje juu ya chombo cha usafiri, ni kitu gani hasa. Akafungua ukurasa wa maana za maneno. Akasoma: chombo chenye magurudumu kinachotumika kubeba watu au mizigo barabarani. Akasoma tena. Rula ikabaki pale pale.

"Injini haijatajwa," nikasema.

"Mimi sijasema kitu," akasema, na akakohoa.

Nilinunua guta, ile baiskeli ya miguu mitatu ya kubebea mizigo. Lilikuwa limebeba chumvi ya Ivuna maisha yake yote, na chumvi ilikuwa imelila hadi kwenye mifupa. Nikalichomelea upya, nikapandisha juu yake benchi ya shangazi, nikamwekea mahali pa jiko na pa sufuria. Rada nikaifunga nyuma, urefu wa goti, kama bampa. Nikapunguza nguvu zake, nikaubana mwale wake utazame nyuma moja kwa moja, maana ndivyo rada ya chombo cha usafiri inavyopaswa kutazama. Kila niliporekebisha, jedwali lilizidi kunipenda.

Sasa nikiri jambo. Mawimbi yale hayapendi vizuizi. Kutoka juu ya nguzo yalikuwa yakipita juu ya kila kitu. Kutoka urefu wa goti yalikutana na sufuria ya maharage upande wa kushoto, na mama wa chai upande wa kulia, ambaye si mtu wa kuonea nyuma yake. Kwenye kioo cha kompyuta yangu, nukta za zile benchi nyingine nne zilipotea moja baada ya nyingine. Niliziona zikipotea. Nilikaa mbele ya kioo na kikombe cha chai ya yule mama mkononi nikasema, "Safi, sasa hakuna vurugu kwenye picha."

Ofisa alikuja mwenyewe kupima. Akalizunguka guta mara mbili, akapima urefu wa rada kutoka ardhini, akaridhika. Kibali kilikuwa cha majaribio, cha miezi sita: kifaa kimoja, chombo kimoja, namba yake ikipigwa rangi ubavuni. Nilimshika mkono kwa mikono miwili. Namba niliipiga mwenyewe, nyeupe, kwa herufi za lori.

Siku ya mwisho ya ile miezi miwili mwenye yadi alikuja baada ya chakula cha mchana cha kwanza, wakati madereva wa zamu ya pili walikuwa wakinawa. Nilimwomba dereva mmoja arudishe lori lake kuelekea guta. Akarudi. Honi ikalia. Akasimama akiwa na nafasi ya mtu kupita. Watu wakashangilia, na mimi nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyezoea.

Mwenye yadi akavaa miwani akaisoma karatasi. Nilimpenda kwa namna alivyoisoma.

"Kifaa kimoja," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Chombo kimoja. Hiki hapa."

"Ndiyo."

"Hawa wengine hawamo."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kueleza juu ya nguzo, juu ya mwale, juu ya ukanda na majirani wa angani.

"Basi mimi ni mtu wa neno langu," akasema. "Huyu mama atabaki. Ninyi wanne, samahani sana, mpaka jioni muwe mmetoa vitu."

Mwenye maharage alinigeukia. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. "Dada fundi," akauliza, "sisi hatukuonekana?"

Nikamjibu kwamba kwa sasa bado.

Dereva mmoja, mgeni, ambaye hakufuata lolote kati ya hayo, alifika na sahani tupu. Shangazi akamtia ugali kwa mazoea. Yule dereva akasogea hatua moja kuelekea maharage, akakuta sufuria inafunikwa. Akasogea kwa samaki, karai linamwagwa mafuta. Akabaki amesimama katikati ya yadi na ugali wake mtupu, akitutazama mmoja mmoja.

Mwenye yadi alijaribu kusaidia. "Mama, si upike vyote mwenyewe? Biashara yote sasa ni yako."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa tayari nimeanza kupima kwa macho mahali pa kuweka jiko la pili bila kuiziba rada.

Shangazi aliuweka mwiko juu ya kifuniko. Hakunipigia kelele. Afadhali kelele, maana nyumbani kwetu shangazi anayepiga kelele ameshakusamehe nusu.

"Mwanangu," akasema, "miezi miwili umekuwa ukija hapa kunipima. Mara nisogee huku, mara nisogee kule, mara ninyanyue sufuria. Hukuuliza hata siku moja nakaa na nani. Umenitafutia ruhusa ya kukaa peke yangu."

Akashuka. Mguu ulikuwa bado haujakaza, akashika usukani wa guta akaanza kulisukuma kuelekea getini, jiko likiwa bado na moto. Halikwenda. Lilikuwa zito, na kokoto za pale hazina huruma. Ndipo wale wanne wakaacha vyombo vyao, wakapita nyuma, wakaweka mikono kwenye chuma wakasukuma.

Rada ikawaona. Ilikuwa na watu wanne nyuma yake, karibu kabisa, wakija. Kwake hiyo ilikuwa hatari, na ilifanya kazi niliyoifundisha. Honi ikalia. Taa nyekundu ikawaka. Madereva wote uwanjani wakafunga breki, hata waliokuwa wamezima injini walichungulia. Nilikimbia nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Acha ilie," shangazi akasema, bila kugeuka.

Ikalia hadi nje ya geti. Nilibaki nimesimama mahali guta lilipokuwa, nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona, hata nilipofeli mtihani wa kwanza wa chuo, hata nilipounguza lori la watu. Yule dereva mgeni alipita mbele yangu na sahani yake akawafuata.

Sasa wanauzia nje, ukingoni mwa lami, benchi tano kama zamani. Huko malori hayarudi nyuma. Yanakuja kwa mbele, na yanakuja mbio. Nilikwenda kupima siku moja, nikiwa na rula yangu mwenyewe, na nikagundua kwamba kwa mwendo ule hakuna rada ya urefu wa goti itakayowahi kumwonya mtu yeyote. Shangazi alinikaribisha chakula, nikapita benchi kwa benchi kama wengine. Nilipomaliza alinipa mfuko wa unga uliofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na kile kifaa, amekifungua mwenyewe, kila skrubu ikiwa mahali pake, na karatasi imekunjwa juu yake.

Nimeiangalia tarehe. Kibali bado kina miezi minne.